Mama alikwenda makumbusho ya treni kumchukua baba

Wakuu, kama humu kuna wa umri wangu, habari za siku nyingi. Ninyi wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nina miaka themanini na saba na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinihimize. Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nilipodanganya nitasema nilidanganya. Maana kwenye habari hii mwongo ni mimi.

Juzi kijana mmoja aliweka humu picha za makumbusho fulani ya reli huko nje. Vichwa vya treni vya zamani vimepakwa rangi vinang'aa, na treni ndogo za mfano zinazunguka ndani ya kioo. Akaandika twendeni tukaone, ni pazuri sana. Watu wakamjazia dole gumba.

Sina ugomvi na kijana huyo. Lakini nilizima simu na chakula cha usiku sikukila.

Mimi treni za namna hiyo niliziona kabla baba zenu hawajazaliwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita.

Sasa naishi Kigoma, ila kwetu ni Wamaza, Kabambare, kule Maniema. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji.

Baba yangu alikuwa mtu wa kuni kwenye treni. Siku hizo treni za kwetu zilikula kuni, makaa ya mawe hatukuyajua. Dereva anashika vyuma vyake mbele, na mtu wa kuni yuko nyuma yake anatupa magogo kwenye mdomo wa tanuri, asubuhi mpaka jua linazama. Kichwa cha treni tulikiita mashini, na mashini ya baba ilikuwa namba kumi na moja. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, na nyusi hana. Mama alikuwa anamtania kwamba yeye ameolewa na yai.

Mwaka mmoja hakuja. Kikaja kikaratasi kwa chifu.

Kwamba bomba la mvuke lilipasuka, mtu wa kuni amekufa, amekwisha kuzikwa. Amezikwa wapi? Kando ya reli. Kando ya reli wapi? Kikaratasi hakikusema. Mwenzake mmoja alipita baadaye kwenda machimbo ya Salamabila akatuambia baba alifia pale pale, mbele ya tanuri. Wao walizika haraka wakaendelea na safari, kwa sababu nyuma kulikuwa na treni nyingine inasubiri njia.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze desturi, la sivyo hamtaelewa.

Kwetu mtu akifa mbali, anayerudi analeta kucha zake na nywele zake. Hizo ndizo zinafungwa kwenye mkeka na kuzikwa, zinaliliwa kama mwili. Baada ya hapo mjane anaogeshwa mtoni, anavuliwa kitambaa cheusi, anapakwa mafuta, anarudi kuwa mtu. Bila kitu cha marehemu hakuna maziko. Na bila maziko mjane haogeshwi.

Mama yangu alikaa na kitambaa cheusi miaka sita.

Miaka sita, wakuu. Analala chini. Kichwa kimenyolewa. Haendi sokoni, hali sahani moja na wanawake wenzake, harusi hakaribii. Alikuwa fundi wa mikeka, Kabambare nzima wanamjua, lakini mjane hauzi mkeka. Nani atalalia mkeka wa mwenye msiba?

Mwenye neno alikuwa shangazi yangu Anastasia, dada mkubwa wa baba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria tu, na mtu wa sheria wakati mwingine ni afadhali mtu mbaya. Kila mama alipomwomba, alijibu yale yale.

"Mama Feza, leta kitu yake. Hata kidogo. Miye siwezi kuzika upepo."

Feza ndiye mimi.

Mimi nilikuwa nasoma kwa masista Kasongo. Wazee waliponiombea nafasi walisema mtoto hana baba, basi asome. Nilijua Kifaransa cha kutosha kusoma vibao na kuwakasirisha watu. Siku moja sista alituonyesha gazeti la picha. Kampuni ya reli imefungua nyumba ya makumbusho kwenye kituo kimoja ng'ambo ya Lualaba, na mbele ya nyumba imewekwa mashini ya zamani iliyostaafu. Kwenye picha, ubavuni, namba kumi na moja.

Nilirudi nyumbani likizo nikamwambia mama. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Ile mudomo ya moto iko bado?"

Nikasema ipo, nimeiona pichani.

"Basi majivu iko."

Mnaona alivyofikiri? Baba alifia kwenye mdomo wa tanuri. Nyusi zake, nywele za mikono yake, jasho lake la miaka yote, vyote viliingia mle. Hana kucha, basi ana majivu. Tulimuuliza shangazi. Alifikiri siku mbili, akasema majivu ya pale anayakubali. Akampa mama kifuko cha marikani nyeupe alichokishona mwenyewe.

Kipindi hicho huwezi kutoka kijijini kwako bila karatasi ya ruhusa. Karani wa chifu aliandika kwamba tunakwenda kutazama makumbusho. Aliona ni kichekesho, mjane mweusi tii anakwenda kutazama makumbusho. Aliwaita wenzake waje kuona.

Tulitembea siku nne mpaka Kasongo. Tukalala misheni, tukashuka Nyangwe, tukavuka mto kwa mtumbwi wa wavuvi. Mwenye mtumbwi alikataa kukaa karibu na mama kwa sababu ya kile kitambaa. Alimpangia kukaa mbele peke yake kama mzigo wa samaki.

Tulifika Jumatatu. Kumbe watu weusi siku yao ni Alhamisi, mchana tu. Tukalala kwenye kibanda cha sokoni siku tatu tukila muhogo mkavu. Tuliiona mashini tangu siku ya kwanza, nyuma ya ua wa waya. Mama alikuwa anakwenda kuichungulia asubuhi na jioni, harudi mpaka nimfuate.

Alhamisi tukaingia.

Kwanza wanakupitisha ndani ya nyumba, huwezi kwenda moja kwa moja kwenye mashini. Ndani kulikuwa na meza kubwa kama uwanja, imefunikwa kioo pembeni. Juu yake kuna reli nzima ya kwetu, imefanywa ndogo. Lualaba imepakwa buluu. Misitu ni sifongo ya kijani. Kuna vituo, kuna daraja, ng'ambo kuna Kasongo ina nyumba tano na kanisa. Kabambare haipo. Meza iliishia kabla ya kwetu.

Na treni ndogo ndogo zinazunguka zenyewe. Nisiwe mwongo mara mbili, nilifurahi. Kwa dakika chache nilisahau kilichotuleta nikawa mtoto.

Mzungu mwenye kuiendesha alikuwa mtu mzima, mpole, ana miwani. Alikuwa anaipenda ile meza kuliko watu wengi wanavyopenda watoto wao. Alipomwona mama anatazama sana, akamwita, akamwekea kidole kwenye kitufe. Treni ikaanza kutembea kwa kidole cha mama. Watu wakapiga makofi. Mama hakucheka. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akawa anaifuata ile mashini ndogo ikizunguka mara moja, mara mbili.

Kisha akauliza kwa sauti.

"Namuona dereva. Mutu wa kuni iko wapi?"

Kweli dereva alikuwepo, kamtu kadogo kana kofia, uso umepakwa waridi. Nyuma yake hakuna mtu.

Mzungu akajibu kwa Kiswahili chake, na alijibu vizuri tu, bila dharau. "Mama, hii iko na umeme. Hapana lazima mutu wa kuni."

Watu wakacheka. Mama aliondoa kidole kwenye kitufe, akaniambia twende nje.

Nje kwenye mashini kulikuwa na mlinzi, mtu mweusi mwenzetu, kaptula nyeupe imepigwa pasi. Alikuwa anawapandisha watu wawili wawili juu, pale dereva anaposimama, anawafungulia mlango wa tanuri waone. Zamu yetu ikafika. Mama akapanda kwa mikono na magoti. Akatoa kifuko cha marikani kifuani.

Mlinzi akafungua mlango.

Mama akaingiza mkono mpaka begani. Alipapasa chini, akapapasa pembeni, akapapasa juu. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka waliokuwa chini wakaanza kunung'unika. Akautoa mkono.

Ulitoka safi.

Ndani ya tanuri kote walikuwa wamepaka rangi ya fedha.

Mlinzi akadhani mama anashangaa uzuri. Akatabasamu kwa fahari kabisa, na mpaka leo siwezi kumchukia kwa sababu hakujua alichokuwa anasema.

"Mama, tulisugua juma mbili! Na sabuni na mafuta ya taa. Ilikuwa chafu, chafu sana. Sasa hata masizi kidogo haiko."

Mama akamuuliza uchafu waliutupa wapi.

"Mu mto," akasema mlinzi.

Nimeona watu wakipigwa, wakuu. Nimeona vita viwili. Sijaona uso kama ule wa mama siku hiyo. Alishuka, akakaa chini kwenye kokoto, miguu ameinyoosha, kifuko kitupu kiko mapajani. Miaka sita, na njia yote ile, na sasa arudi akamwambie shangazi nini?

Ubavuni mwa mashini, karibu na kichwa chake pale alipokaa, kulikuwa na kibao cha shaba. Kina herufi zilizoinuka. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Mama akakitazama.

"Feza. Hapa wameandika nini?"

Nilikisoma. Kilikuwa na maneno mawili. La kwanza ni jina la kiwanda kilichotengeneza mashini, la pili ni mji wake huko Ubelgiji. Siyataji.

Mama akauliza tena, safari hii sauti yake imekuwa ndogo. "Wameandika jina yake?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Iko jina ya baba."

Basi. Hivyo tu. Sikupanga. Lilitoka kama chafya.

Mama alisimama. Akaweka vidole juu ya kile kibao.

Hapa ndipo nilipotakiwa kumjua mama yangu. Nimewaambia alikuwa fundi wa mikeka. Fundi wa mikeka hahitaji kuandika. Akiona urembo kwenye mkeka wa mtu, anaupapasa kwa vidole, anahesabu moja juu mbili chini, moja juu tatu chini, na akifika kwake anausuka hata baada ya mwezi. Hakosei. Mimi nilijua hivyo tangu nikiwa nanyonya, lakini pale akili haikunijia. Nilidhani anambusu baba kwa vidole.

Alipitisha vidole mara tatu, midomo inacheza. Mlinzi akasema asiguse, anachafua shaba. Mama hakumsikia.

Akaniuliza, "Jina yake ni murefu hivi?"

"Wazungu wanaandikaka murefu," nikasema.

Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza. Nadhani mnajua.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anahesabu kimya kimya. Nikimsemesha ananyamaza, asipoteze hesabu. Tulipofika Wamaza hakusalimia mtu. Alichukua ukindu, akachovya mwingine kwenye tope la kinamasi uwe mweusi, akakaa chini akasuka. Siku tano. Mkeka mdogo wa kuzikia, na katikati yake, nyeusi kwenye nyeupe, yale maneno mawili. Herufi zote. Hakukosa hata moja.

Akampelekea shangazi. "Jina yake yenyewe, nimeitoa pale alifia. Wameiandika mu shaba."

Shangazi Anastasia hakujua kusoma. Alipapasa ule mkeka, na nilimwona mwanamke yule wa sheria akiukumbatia kifuani. Akasema jina ni kitu cha mtu. Jina linazikika.

Tukazika. Kijiji kizima kilikuja, na wa mbali pia. Katekista Yohana aliongoza sala. Yeye alijua kusoma; kati ya waliokuwepo pale tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Walipomletea mkeka amtaje marehemu, aliufungua, akausoma, akanyanyua macho akanitafuta kwenye umati. Tulitazamana. Mimi nilikuwa namwomba kwa macho, sijui hata nilikuwa naomba nini.

Akasoma kwa sauti, "Petro Lukanga."

Watu wakapiga kilio. Kesho yake mama aliogeshwa mtoni, kitambaa cheusi kikaachwa kiende na maji. Seremala akachonga msalaba wa mti mgumu akinakili herufi alizochorewa na mama, na ukasimamishwa. Kwa hiyo pale Wamaza, juu ya kaburi la baba yangu ambaye hayumo, likasimama jina la kiwanda.

Mtaniuliza nilijisikiaje. Nilijisikia vizuri! Mama alirudi kuuza mikeka soko la Kabambare. Alivaa kitenge cha manjano. Aliota nywele. Alimtania shangazi. Nikasema moyoni, tazama, uongo mmoja umemfungua mtu ambaye ukweli ulimfunga miaka sita. Nilijiona mwerevu sana. Nilikaa na werevu huo miaka minne.

Kisha masista wakafungua darasa la akina mama pale Kabambare. Kushona, kuosha watoto, na kusoma. Mama alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Niliposikia nilipata homa ya kweli. Nilimwambia darasa ni la wanawake vijana, macho yake yamechoka, kusoma kutamwumiza kichwa. Alinicheka.

"Miye nilisuka herufi wakati haujazaa hata mutoto mumoja. Nitashindwa kuzisoma?"

Alijifunza haraka kupita wote. Vidole vilikuwa tayari vinazijua. Siku walipofundishwa kuandika majina ya waume zao, sista alimwandikia ubaoni. Petro Lukanga.

Mama alitazama ubao, akasema sista amekosea. Sista akamwambia hajakosea.

Hakubishana. Alitoka darasani akatembea mpaka Wamaza. Mimi nilikuwa nimeolewa pale pale Wamaza, nilimwona akipita mbele ya nyumba yangu bila kugeuka, na nilijua anakokwenda. Sikumfuata. Nilikaa nikimenya muhogo uleule.

Alirudi jioni. Akakaa mlangoni, chini, siyo kwenye kiti.

"Feza, mutoto wangu. Tulizika nani?"

Nikamwambia yote. Hakunipiga, hakunitukana. Laiti angefanya hivyo. Aliuliza kama Katekista Yohana alijua, nikasema alijua. Akatikisa kichwa, polepole. Nikasema nitakwenda kuung'oa ule msalaba mwenyewe, usiku huo huo.

"Uache. Labda na yeye iko na watu yake wanamutafuta."

Alidhani ni jina la mtu. Sikumsahihisha. Niliogopa kumwambia kwamba alilia na kuogeshwa kwa ajili ya kiwanda.

Asubuhi yake mama alivaa kitambaa cheusi.

Shangazi Anastasia alikuja mbio. Alisema msiba uliofungwa haufunguliwi, haijapata kutokea, mjane akishaogeshwa ameogeshwa. Yeye mwenyewe, mtu wa sheria, alipiga magoti akamwomba wifi yake akivue. Mama alimwinua kwa upole.

"Wifi yangu, miye bado sijazika."

Uhuru ukaja akiwa nacho. Vita vikaja akiwa nacho. Tulivuka ziwa kuja Kigoma akiwa nacho, na nilimzika nacho. Nilipomwandikia barua nilipokuwa mbali, hakumpa mtu amsomee. Alisoma mwenyewe, herufi moja moja kwa kidole, hata ikimchukua siku nzima. Kwangu mimi hakuuliza tena, "Hapa wameandika nini?"

Wakuu, funzo nililopata ni hili, na nimelilipia. Asiyejua kusoma amekukabidhi macho yake. Ukimdanganya kwa huruma, bado umemwibia. Ningemwambia ukweli pale kwenye kokoto, angelia, tungerudi mikono mitupu, labda shangazi angelegea, labda asingelegea. Lakini angekuwa mama yangu mpaka mwisho. Niliipata miaka minne ya kitenge cha manjano, nikampoteza yeye.

Na ninyi mnaokwenda makumbusho kupiga picha na vichwa vya treni, nendeni tu. Ila mkifika, msishangae rangi. Ulizeni nani alikuwa anatia kuni. Mkiambiwa hawajui, waulizeni yale masizi waliyatupa wapi.

Nimechoka kidole. Sitaki pole zenu, nina pole za kunitosha. Ninachotaka, kama una baba au babu aliyefanya kazi reli yoyote, akiwa mtu wa kuni, mtu wa koleo, mtu wa mataruma, andika jina lake hapa chini. Jina tu, na kazi yake. Liandike vizuri, mtu akilisoma alisome lenyewe.

Naanza mimi.

Petro Lukanga. Mtu wa kuni, mashini namba kumi na moja.